Kuvisha Mbao Jahazi la Mfano

Mtepe ulikuwa chombo cha mbao kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja wa kuunganisha mbao zake. Ulichukua boriti za mikoko na shehena nyingine kutoka visiwa vya Lamu hata bandari nyingi za pwani. Kitabu kimoja cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Lakini baada ya miaka ya 1930 mitepe haikuundwa tena kwa kazi ya uchukuzi. Leo mtu atakaye kujua umbo lake hana budi kutazama picha za zamani, kusoma maandishi ya wataalamu, na kuchungua mifano midogo kama ule uliowekwa katika Makumbusho ya Lamu.

Kwa hiyo ni dhahiri ya kuwa mfano wa chombo si kitu cha kuchezea watoto tu, wala si pambo la mezani tu. Chombo chenyewe kikiisha kuoza, mfano wake huwa shahidi. Lakini shahidi hafai kitu asiposema kweli. Mfano uliochongwa kwa gogo moja waweza kuonyesha umbo la nje la jahazi, nao ukapendeza sana. Hata hivyo hauwezi kuonyesha jinsi mbao zilivyopangwa, zilivyokutana wala zilivyopinda kuelekea omo. Mfano uliovishwa mbao moja moja juu ya mataruma waweza kuyaonyesha hayo yote, mradi fundi wake amefuata kanuni.

Jambo hili lilijulikana zamani na mataifa ya wanamaji. Huko Uingereza, tangu karne ya 17, mafundi walifanya mifano ya manowari kwa kipimo cha 1 kwa 48. Mingi ya mifano hiyo iliachwa bila mbao sehemu ya chini ili mataruma yake yaonekane. Mifano hiyo iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Greenwich, London, yatazamwa hata leo na wataalamu watakao kujua manowari za zamani zilivyokuwa.

Maelezo yafuatayo yahusu kazi iliyo ngumu kuliko zote katika kufanya mfano, nayo ni kuvisha mbao na kuzimaliza. Chombo kilichochukuliwa kuwa kielelezo ni jahazi la pwani, lenye omo iliyosimama karibu wima na tezi bapa.

KIPIMO NA MITI

Mathalani, fundi ataka kufanya mfano wa jahazi lenye urefu wa mita 18. Akitumia kipimo cha 1 kwa 24, yaani kila sentimita 24 za jahazi lenyewe ziwe sentimita 1 ya mfano, mfano wake utakuwa na urefu wa sentimita 75. Ubao ambao katika jahazi lenyewe una unene wa milimita 36, katika mfano utakuwa na unene wa milimita 1 na nusu. Ubao wenye upana wa sentimita 19 utakuwa na upana wa karibu milimita 8. Hesabu hii ifanywe kwanza, kabla ya kukata hata kipande kimoja, kwa sababu mfano wenye mbao nene kupita kiasi huonekana mara moja kuwa si wa kweli.

Mti ufaao kwa mbao ndogo kama hizi ni ule wenye nyuzi zilizonyooka na zilizo sawa. Podo hufaa sana, kwa kuwa nyuzi zake ni laini na haina utomvu mwingi. Mvule na mbambakofi ni miti mizuri kwa vyombo vikubwa, lakini nyuzi za mvule hupishana, na ubao wake mwembamba huweza kupasuka unapopindwa. Tena vumbi la mvule huwasha ngozi na kudhuru pua na kifua. Basi yeyote aupigaye msasa na afunike pua na mdomo kwa kitambaa.

Wako mafundi wavishao mbao mara mbili. Vazi la kwanza huwa la mti mwororo na wa bei ndogo, nalo hupigwa msasa mpaka mwili wote wa mfano uwe laini. Juu yake hubandikwa vazi la pili la mti mzuri, jembamba sana, lisilozidi milimita 1. Njia hii humfaa mwanafunzi, maana makosa madogo ya vazi la kwanza huweza kusahihishwa kabla ya kuvisha la pili. Lakini makosa makubwa hayasahihishwi hivyo. Vazi la pili hufuata umbo la lile la kwanza, na bonde lililoachwa chini litaonekana juu.

KUYAPATANISHA MATARUMA

Katika mtepe, mbao ziliunganishwa kwanza ukingo kwa ukingo kwa vijiti na kwa kamba, kisha mataruma yakatiwa ndani. Kwa mwanafunzi wa mifano, njia iliyo rahisi ni kinyume chake: mkuku husimamishwa kwanza, mataruma yakafungwa juu yake, na mbao zikafuata.

Mkuku sharti unyooke kabisa. Ukipotoka kidogo tu wakati huu, hakuna ubao utakaounyosha baadaye, bali kila ubao utaongeza upotovu huo. Yafaa kiunzi chote kifungwe imara juu ya ubao mnene ulio sawa mpaka mbao nyingi ziwe zimekwisha kubandikwa.

Kisha yafuata kazi ambayo watu wengi huipuuza. Mataruma ya katikati ya jahazi hupokea ubao bapa kwa bapa. Lakini karibu na omo na tezi, ubao huja kwa mshazari, hata ukagusa ncha tu ya taruma. Basi kingo za mataruma hayo ni lazima zikatwe hanamu, kwa tupa au kwa msasa uliobandikwa juu ya kijiti kirefu, ili ubao ukae juu ya upana wote wa taruma.

Namna ya kujua kama kazi hii imekwisha ni rahisi. Fundi huchukua ufito mwembamba unaopindika vizuri, akaulaza juu ya mataruma toka omo hata tezi. Mahali ambapo mwanga waonekana kati ya ufito na taruma, taruma hilo ni fupi, nalo liongezwe kipande chembamba. Mahali ambapo ufito wainuka kama kilima, taruma hilo limezidi, nalo lipunguzwe. Fundi huusogeza ufito kidogo kidogo toka juu hata chini, akijaribu kila mahali. Mafundi wengine hupitisha kiganja cha mkono huku wamefumba macho, kwa maana mara nyingi mkono hugundua kilima ambacho jicho halikukiona.

KUGAWANYA UPANA

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ya kuwa yatosha kuchukua mbao zenye upana mmoja na kuzipanga moja chini ya nyingine. Akifanya hivyo, mbao tatu au nne za kwanza zitakaa vizuri. Kisha zitaanza kupandana karibu na omo, naye atajaribu kuzilazimisha kwa gundi na misumari. Sababu yake ni kwamba mwili wa jahazi si sawa kila mahali. Una tumbo pana katikati, na hupungua kuelekea mbele.

Kwa hiyo fundi hupima kwa ukanda wa karatasi. Ikiwa katika taruma la katikati, toka mstari wa sitaha hata mkuku, ni milimita 168, basi zahitajiwa mbao 21 zenye upana wa milimita 8 kila moja. Akipima karibu na omo huenda akapata milimita 105 tu. Mbao ni zile zile 21. Basi kila moja haina budi kuwa na upana wa milimita 5 mahali hapo. Vivyo hivyo hupima kila taruma, akagawa kwa 21, akatia alama ya kalamu juu ya taruma lenyewe mahali kila ubao utakapopita. Hesabu hiyo ikiisha, fundi huona mistari ya mbao zote kabla hajabandika hata moja.

Iko kanuni moja ya kukumbukwa. Ubao usipunguzwe ncha yake kupita nusu ya upana wake wa asili, kwa sababu ncha nyembamba mno haina nguvu ya kushika msumari, na katika chombo kikubwa ndiko maji yaingiako. Nafasi ya mbele ikiwa ndogo kuliko hivyo, mbao mbili huishia katika ubao mmoja ulio mpana. Kwa upande wa tezi huenda mambo yakawa kinyume: nafasi huzidi upana wa mbao. Hapo huongezwa kipande chenye umbo la kabari kati ya mbao mbili. Kabari kama hiyo si aibu, nayo yaonekana hata katika vyombo vikubwa. Aibu ni kuvuta mbao kwa nguvu ili kuficha nafasi.

KUPINDA NA KUBANDIKA

Ubao hupindika upande wa ubapa wake. Haupendi kupindwa upande wa ukingo. Ukilazimishwa, hujikunja, ukingo mmoja ukainuka, na hata gundi ikishika leo, huachia siku nyingine. Ndiyo maana ule upunguzaji wa upana uliokwisha elezwa ni wa lazima: ubao uliochongwa sawasawa hufuata njia yake wenyewe.

Kwa kuupinda ubapa, ubao hutiwa katika maji ya moto kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hufungwa mahali pake kwa vibanio vya nguo au kwa uzi, bila gundi, ukaachwa mpaka ukauke. Watu wenye haraka huubandika ukiwa bado umelowa. Kosa hili hulipiwa baadaye, maana mti uliolowa huvimba, na ukikauka husinyaa. Ndipo nyufa huonekana kati ya mbao zote zilizokuwa zimekutana vizuri.

Ubao wa kwanza huwekwa kufuata mstari wa sitaha, kwa kuwa ndio utakaoongoza zote za chini yake. Baada ya mbao chache, fundi huanza pia upande wa mkuku, ambako ubao wa kwanza hutiwa katika mfuo uliochongwa ubavuni mwa mkuku. Kazi huendelea toka juu na toka chini mpaka zikutane katikati ya ubavu, mahali ambapo mpindo si mkali.

Jambo kubwa ni hili: kila ubao ubandikwao upande wa kulia sharti ufuatwe na mwenzake wa kushoto kabla ya mwingine kuongezwa. Mbao zikaukapo huvuta. Upande mmoja ukivishwa wote huku mwingine ni mtupu, mkuku huvutwa ukapinda kama upinde, na hapo kazi ya majuma mengi imeharibika.

Katika jahazi lenyewe hakuna ubao mmoja uendao toka omo hata tezi, mbao huungwa. Basi mfano wa kweli nao huonyesha maungio hayo. Kila ungio huwekwa juu ya taruma, si katika nafasi iliyo tupu, wala maungio mawili hayawekwi karibu karibu. Kanuni ya viwanda vya zamani vya Uingereza ilikuwa kwamba maungio mawili yasiwe juu ya taruma moja ila ziwe mbao tatu nzima kati yake. Sababu yake ni nguvu. Chombo ambacho maungio yake yamepangana mahali pamoja huvunjika hapo kinapopigwa na mawimbi.

Ubao wa mwisho ndio mgumu kupita wote, kwa maana nafasi yake imekwisha kuamuliwa na mbao nyingine. Fundi huweka karatasi juu ya nafasi hiyo, akasugua kingo kwa kalamu ya risasi, akakata karatasi kwa kufuata alama, kisha akauchonga ubao kwa kufuata karatasi. Auchonge uwe mkubwa kidogo, aupunguze kidogo kidogo mpaka uingie kwa kusukumwa na kidole gumba.

KUMALIZA

Mbao zikiisha kubandikwa, mfano na uachwe usiku na mchana mzima kabla ya kuguswa. Kisha gundi iliyotokeza ikwanguliwe kwa ukali wa patasi, na msasa ufuate: kwanza namba 120, halafu 180, mwisho 240. Msasa upitishwe kufuata nyuzi za mti, si kuzikata, nao uzungushiwe kipande cha mti laini ili usichimbe mabonde. Fundi aangalie asisugue mno mahali penye mpindo, kwa sababu ubao wa milimita 1 na nusu hutoboka upesi.

Nyufa ndogo huzibwa kwa vumbi la mti ule ule lililochanganywa na gundi. Lakini mchanganyiko huo haunywi vanishi kama mti unywavyo, nao huacha alama. Kwa hiyo ufa mpana uzibwe kwa kijipande cha mti wenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi hii ufa uliofunikwa kwa rangi tu utafunguka tena wakati wa kiangazi, ukaipasua rangi pamoja nao.

Katika vyombo vikubwa, mafundi wa kalafati hushindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao ili maji yasipenye. Katika mfano, mstari mweusi wa kalamu ya risasi uliopigwa ukingoni mwa kila ubao kabla ya kubandikwa watosha kuonyesha kalafati. Sehemu ya chini ya jahazi, ikaayo majini, zamani ilipakwa deheni ya shahamu na chokaa ili kuzuia wadudu watoboao mbao, na hiyo ndiyo asili ya weupe uonekanao chini ya majahazi mengi. Katika mfano hupakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Mstari wa maji hupatikana hivi: mfano huwekwa juu ya meza iliyo sawa, ukakaa kama ukaavyo majini, kalamu hufungwa juu ya kigogo chenye kimo kitakiwacho, na kigogo hicho huzungushwa mezani mpaka mstari umetimia pande zote.

Sehemu ya juu hupakwa mafuta ya kitani au vanishi. Mpako wa kwanza uwe mwepesi ili uzame ndani ya mti. Ukikauka upigwe msasa laini, kisha upakwe wa pili na wa tatu. Ni vizuri pia kupaka upande wa ndani kabla ya kufunga sitaha, kwa maana ubao uliozibwa upande mmoja tu huvuta unyevu kwa upande wa pili ukapinda. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visiachwe vimekunjwa pamoja, kwani vyaweza kupata moto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika maji.

Wasomaji wa pwani watapenda kujua ya kuwa vanishi ina uhusiano wa zamani na nchi zao. Sandarusi, ambayo ni utomvu mgumu wa mti wa msandarusi, ilichimbwa ardhini katika Mrima na kupelekwa ng'ambo kwa njia ya Unguja. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa wingi ili kufanyia vanishi. Siku hizi vanishi nyingi hufanywa viwandani kwa vitu vingine, na jina la sandarusi halisikiwi sana madukani.

KARATASI YA USHAHIDI

Mfano ukiisha, kazi moja imesalia. Fundi aandike katika karatasi jina la aina ya chombo, mahali kilipoundwa, vipimo vya chombo chenyewe, kipimo alichotumia, miti aliyoitumia, na idadi ya mbao za kila ubavu. Kama alipima jahazi lililopo, aandike mwaka alioupima. Kama alibadili kitu kwa urahisi wa kazi, mathalani kusimamisha mataruma kabla ya mbao, aandike hilo pia, ili atakayekuja baadaye asidhani ya kuwa ndivyo chombo chenyewe kilivyoundwa.

Zaidi ya hayo, yafaa kijana atakaye kufanya mfano aende kwanza kwa waundaji wenyewe, kama wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, kijiji kinachosifika kwa uundaji wa majahazi. Awaulize wazee jina la kila kipande na sababu ya kila ungio, naye ayaandike majina hayo kama wayatamkavyo. Vipimo vyaweza kuchukuliwa kwa chombo kilichoachwa ufukoni, lakini majina na sababu zake hukaa katika vichwa vya mafundi tu. Karatasi hiyo ikunjwe, itiwe ndani ya bahasha, na ibandikwe chini ya kibao anachosimamia mfano, mahali ambapo haitapotea.